Moja ya baridi, moja ya moto: namna ya kuonja bia za hapa Dar wakati wa kaskazi

Ingia baa yoyote ya Dar, iwe Sinza, Tandika au Kawe. Kabla hujakaa sawasawa, mhudumu atakusimamia na swali moja: "Kaka, ya moto au ya baridi?" Mgeni anaweza kudhani anakaribishwa chai. Ya moto ni bia iliyolala kwenye kreti nyuma ya kaunta na haijaona friji. Ya baridi ni ile inayofika mezani ikitokwa jasho. Wazee wengi wa mtaani kwetu hutaka ya moto, wakisema ya baridi inawabana kifua. Sisi wengine, hasa Januari, tunataka ile iliyoanza kuganda shingoni.

Kwa miaka mingi nilikuwa upande wa barafu. Mpaka leo nakunywa ya baridi, ila nimejifunza kuisubiri. Bia ya baridi kupindukia haina ladha, ya moto kabisa inachosha, na kwa joto la Dar glasi hutoka huku ikafika kule ndani ya dakika 20 au 30 tu. Mtu akijua kuzitumia hizo dakika, chupa moja inampa bia tatu. Hayo ndiyo nitakayoeleza hapa: kuonja nyumbani, barazani au kibarazani ghorofani, na watu wachache, bila kumaliza mshahara.

Bia zenyewe

Ninaposema bia za hapa, nina makundi matatu kichwani.

Kuna za viwanda vikubwa. Safari, Kilimanjaro na Ndovu ni za TBL (Tanzania Breweries), kampuni iliyoanza mwaka 1933 na yenye kiwanda chake pale Mtaa wa Uhuru, Ilala. Serengeti ni ya SBL (Serengeti Breweries), wale wa Chang'ombe. Zote hizi ni laga. Wapenzi wa bia za kisasa huzibeza, na mimi naona wanakosea. Hizi ndizo rula yako. Ukishaijua Safari vizuri, ndipo utaweza kusema bia nyingine imezidisha nini na imepunguza nini.

Kuna za viwanda vidogo, ambazo wenyewe huziita bia za krafti. Hapa Dar, Crafty Dee's ni jina ambalo watu wa bia hizi wanalijua, na kwenye maduka ya vinywaji ya Masaki na Oysterbay hukosi kukuta chupa nyingine za aina hiyo zilizotoka nje. Humo ndimo utakutana na eli, bia ya ngano, IPA, yaani eli iliyotiwa kwa wingi hopsi (maua yanayoipa bia uchungu na harufu), yenye uchungu wa kukunja uso, na stauti nyeusi tii. Laga na eli hutofautiana kwenye hamira. Hamira ya laga hufanya kazi polepole kwenye ubaridi wa nyuzi 8 hadi 13 hivi, ikaacha ladha safi. Ya eli hupenda nyuzi 15 hadi 24, huchachusha haraka, na huacha nyuma harufu za matunda. Sasa fikiria chumba cha kawaida Dar mwezi Februari: joto lake linazizidi zote mbili. Fundi wa bia hapa hulipia umeme wa kupoza matangi mwaka mzima, usiku na mchana. Ukiona bei ya chupa yake ukashtuka, kumbuka hilo kabla ya kununa.

Na kuna za kina mama na wagema: mbege, mnazi, na ukibahatika ulanzi. Hawa walikuwa mafundi kabla neno krafti halijafika mjini. Nitawarudia, wana sehemu yao.

Siku na saa

Kaskazi huvuma kuanzia Desemba mpaka Machi hivi. Mchana joto hugonga nyuzi 32, na kinachotesa zaidi ni ule unyevu unaofanya shati ligande mgongoni. Saa 8 mchana usionje kitu. Ukiwa na kiu kali huonji, unazima moto. Kunywa maji kwanza, oga, halafu anza saa 11 jioni jua likiwa limelegea na upepo wa bahari umeanza kupita.

Watu wanne hadi sita wanatosha. Wakizidi hapo inageuka sherehe, na sherehe ina muziki, na muziki wa sauti kubwa unaharibu kuonja kama ubani unavyoharibu. Ndiyo, zima udi pia, na mwambie shemeji asijipulizie marashi nusu chupa siku hiyo. Pua ndiyo inayofanya kazi kubwa kuliko ulimi.

Jambo moja la ujirani: miaka hii Ramadhani inaangukia Februari na Machi, katikati kabisa ya kaskazi. Wengi wetu tunaishi ukuta kwa ukuta na watu waliofunga. Mwezi huo mimi huahirisha, au tunaingia ndani tukafunga pazia. Kumpitishia kreti mbele ya uso jirani anayesubiri adhana ya magharibi ni kukosa adabu.

Kununua

Chagua bia tano, basi. Mbili za viwanda vikubwa, tatu za viwanda vidogo. Ulimi wa kawaida ukivuka tano unaanza kusema uongo.

Dukani angalia vitu vitatu. Tarehe iwe ya karibuni, hasa kwa IPA, kwa sababu harufu ya maua ya hopsi ndiyo ya kwanza kukimbia. Angalia pia chupa imekaa wapi. Chupa iliyopangwa dirishani ikapigwa na jua, iache hapo hapo hata kama wanakupunguzia bei. Mwanga unavunja vile vitu vya hopsi vinavyoleta uchungu, ikazaliwa harufu mbaya ya kicheche aliyeudhiwa. Chupa ya kahawia inazuia sehemu kubwa ya mwanga huo, ya kijani inazuia kidogo, nyeupe haizuii chochote, na kopo halipitishi hata chembe. Nikikuta bia moja iko kwenye kopo na kwenye chupa ya kijani, kwa Dar nachukua kopo.

La tatu ni joto la njiani. Nilishawahi kununua chupa sita nzuri, nikaziweka kwenye buti la gari, kisha foleni ya Mwenge ikanikamata karibu saa mbili nzima. Nilipofungua ya kwanza nyumbani, nusu yake ilitoka povu ikaloweka meza. Iliyobaki ilikuwa na ladha ya boksi lililonyeshewa. Tangu siku hiyo nabeba kile kiboksi cha kuhifadhia baridi cha wauza samaki, na kipande cha barafu ndani yake. Watu wananicheka kidogo dukani. Basi.

Kupoza, hapa usiharakishe

Friza si mahali pa bia. Bia ya kilevi cha asilimia 5 huganda kwenye nyuzi 2 au 3 chini ya sifuri, na friza ya nyumbani ipo nyuzi 18 chini. Ukisahau, chupa inapasuka, na utatumia Jumapili nzima kuokota vigae kwenye mfuko wa samaki. Hata isipopasuka, bia iliyoganda ikayeyuka hupoteza gesi na hubaki na vumbivumbi linaloelea.

Weka kwenye friji ya kawaida tangu asubuhi. Kama umeme umekatika, au luku imeisha na wewe ndiye uliyesahau kununua, fanya hivi: chukua ndoo, weka barafu, jaza maji mpaka yaifunike barafu, mimina konzi mbili za chumvi ya mawe, koroga, zamisha chupa mpaka shingoni. Baada ya dakika 15 au 20 zitakuwa baridi kabisa. Wengi huweka barafu tupu wakidhani maji yanapunguza ubaridi. Kinyume chake: mapande ya barafu yanaigusa chupa huku na huku tu, ila maji yanaigusa pande zote, na chumvi inayashusha chini ya sifuri bila kuganda. Wavuvi wa Feri hawahitaji kuelezwa haya.

Ule ujanja wa kuzungushia chupa kitambaa chenye maji na kuiweka penye upepo hufanya kazi Dodoma, kule hewa ni kavu. Dar hewa yenyewe imeshashiba maji, kitambaa hakikauki, na bia haipoi kwa kiasi cha kuringia.

Sasa, zitoe lini? Laga unaweza kuifungua kwenye nyuzi 4 hadi 7, yaani moja kwa moja kutoka friji. Bia ya ngano na eli zinapenda nyuzi 8 hadi 12, na stauti zaidi kidogo ya hapo. Huna kipimajoto? Huna haja nacho. Itoe chupa, iweke mezani. Jasho likianza kuchuruzika mpaka kufanya duara juu ya meza, eli yako iko tayari. Stauti isubiri mpaka uweze kuishika kwa kiganja kizima bila kutaka kubadili mkono.

Glasi

Osha kwa sabuni kidogo, suuza sana, iache ikauke yenyewe kichwa chini. Usiifute kwa kitambaa cha jikoni, kina mafuta ya chapati, na mafuta yanaua povu. Utaijua glasi chafu kwa vipovu vilivyoganda ukutani kwake kama vipele. Na usiiweke kwenye friza.

Inamishe, mimina taratibu ubavuni mpaka ijae nusu, kisha isimamishe umalizie katikati ili lipande povu la vidole viwili. Najua baa nyingi mtu akipata povu anahisi ameibiwa. Kwenye kuonja, povu ndilo linalobeba harufu puani. Kila mtu apate mililita 100 hivi za kila bia, chini ya theluthi ya chupa ndogo. Bia tano kwa kipimo hicho ni nusu lita, sawa na chupa moja kubwa ya kawaida. Jioni nzima, bia tano, na bado unajua jina la mama yako.

Kuonja mara tatu

Anza na nyepesi, malizia na nzito: laga, ngano, eli, IPA, stauti. Ukianza na IPA, laga inayofuata itakuwa maji ya bomba.

Kila bia ionje mara tatu, na kati ya hizo mara tatu iache glasi mezani. Tufanye mfano kwa Safari, kwa sababu unaifahamu au unadhani unaifahamu.

Mara ya kwanza ni pale tu imetoka friji. Nusa kabla ya kunywa. Hupati kitu, au unapata kidogo sana, kama mkate uliofungwa kwenye mfuko. Kunywa funda moja, lizungushe mdomoni, meza. Utahisi ubaridi, gesi inayochoma ulimi kwa pembeni, na uchungu mfupi mwishoni. Ubaridi umeufunga ulimi na umezizuia harufu zisipande. Hii ndiyo bia inayotangazwa kwenye mabango, na ni bia nzuri kwa mtu aliyetoka kucheza mpira.

Iache dakika 10. Nusa tena. Sasa kuna nafaka kweli, shayiri iliyooteshwa ikakaushwa, harufu ya jirani na uji wa ulezi uliokolea. Kunywa. Utamu ambao hukuuona umejitokeza, kwa sababu ulimi hausikii utamu vizuri kwenye kitu cha baridi sana. Hapo ndipo unagundua Safari ina mwili. Ina kilevi cha asilimia 5.5, Kilimanjaro ina 4.5, na tofauti hiyo ya moja tu, kwenye joto hili la katikati, unaisikia kooni kama kijoto kidogo kinachoshuka.

Dakika 10 nyingine. Sasa ni karibu ile wanayoinywa wazee. Gesi imepungua, utamu umetanda, na kama bia ina kasoro, hapa haina pa kujificha. Harufu ya siagi ni dalili kwamba uchachushaji haukumalizika vizuri. Ya boksi au karatasi mbichi, hewa imeingia au imekaa sana. Ya siki, bakteria wamepita. Wazee wanaoagiza ya moto wanakunywa bia isiyofichwa na barafu. Ni wepesi kusema "hii leo siyo," na mara nyingi wako sahihi.

Rudia hivyo hivyo kwa bia ya ngano, na hapa ndipo wageni wangu hucheka. Ikiwa ya baridi sana ni mawingu tu kwenye glasi. Ikipata joto kidogo inatoa harufu ya ndizi mbivu na karafuu. Hakuna aliyetia ndizi wala karafuu. Ile hamira yake yenyewe ndiyo inayozalisha kitu kile kile kinachoipa ndizi harufu yake, na kingine cha ukoo mmoja na kile cha karafuu. Mzaliwa wa Pemba atazitambua kabla ya Mjerumani aliyeianzisha.

Kati ya bia na bia kunywa maji ya kawaida, yasiwe ya barafu, na tafuna kipande cha muhogo wa kuchemsha usio na chumvi. Ubuyu na pilipili subiri kwanza.

Mchezo mmoja wa kuchangamsha: bia za viwanda vikubwa zifunge gazeti kabla wageni hawajafika, ziandike namba, mimina bila kutaja. Nina shemeji aliyeapa miaka yote kwamba Safari ndiyo bia na nyingine ni maji ya watoto. Alionja namba 1, akaguna. Akaonja namba 2, akatikisa kichwa, akasema, "Hii ndiyo yenyewe, nipe gazeti nikuoneshe." Tulipofungua ilikuwa Kilimanjaro. Hajatia neno kwenye mabishano ya bia mpaka leo.

Meza ya asili

Kundi la tatu nalipa siku yake peke yake, kwa sababu vinywaji hivi havisubiri. Havina tarehe ya mwisho kwenye lebo, vina saa.

Mnazi ndio wa Pwani na ndio rahisi kuupata, kuanzia Kigamboni na Mbagala mpaka njia ya Bagamoyo. Mgema anapanda asubuhi na jioni, anakata ncha ya kole la maua, utomvu unadondoka kwenye chombo. Hamira za hewani zinaanza kazi pale pale juu ya mti, kwa hiyo hakuna mnazi usio na kilevi kabisa, upo tu uliochelewa na uliowahi. Wa asubuhi ni mtamu, maziwa maziwa, una gesi laini. Jioni umekuwa mkali. Kesho yake ni siki, na siki hiyo ni nzuri kwenye achari. Uonje huo huo mara tatu kwa siku moja, saa 3 asubuhi, saa 8 na saa 12 jioni, na utakuwa umejifunza kuchacha ni nini kuliko maelezo yangu yote.

Waswahili wamesema mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Ichukue kama ushauri wa manunuzi: onja kikombe cha kwanza kimya, nunua, na sifa zako zibakize za kuondokea. Mnazi uliotiwa maji hauchemki sana. Mimina kwenye glasi ukautazame. Ulio hai unapandisha vipovu vidogo vidogo bila kukoma.

Na usiufunge kwa kukaza! Nilinunua lita moja Kigamboni, nikautia kwenye chupa ya soda, nikakaza kifuniko kama fundi bomba, nikapanda pantoni. Katikati ya maji, chupa ikiwa kwenye mfuko miguuni, kifuniko kikafyatuka mlio wa bunduki. Mama mmoja akaita jina la Mungu, mtoto akaanza kulia, na mzee aliyevaa kanzu nyeupe akanitazama bila kusema neno, kanzu ikiwa na madoa mpaka magotini. Nilimwomba radhi tangu pantoni mpaka Kivukoni. Kifuniko kiwe legelege, chupa isimame wima, ujaze robo tatu tu.

Mbege inahitaji kumjua mtu. Ni pombe ya Kilimanjaro, na Dar utaipata kwa kina mama Wachaga wanaoipika kwa ajili ya watu wa kwao, zaidi mwisho wa wiki. Ulizia kwa mangi wa dukani, atajua. Ndizi mbivu zinachemshwa kwa saa nyingi mpaka zigeuke wekundu wa kahawia, zinaachwa zichache kwa siku kadhaa, zinachujwa, halafu zinachanganywa na uji wa kimea cha ulezi. Na ndani yake kuna gome la mti uitwao msesewe, chungu kama kwinini. Lizingatie gome hilo. Kazi ya maua ya hopsi kwenye bia ya Ulaya, yaani kuukata utamu na kuizuia pombe isiharibike upesi, mlimani wanaifanya kwa msesewe. Ukionja mbege baada ya IPA utasikia uchungu wa aina mbili, mmoja wa maua na mmoja wa gome, na mimi nauheshimu zaidi wa gome, unakaa chini ya ulimi bila makelele.

Mbege haipozwi. Unapewa kwenye kata au, mjini, kwenye jagi la plastiki, na punje za ulezi zinaelea juu. Usizichuje. Tikisa kidogo kabla ya kila funda, zile punje ni sehemu ya chakula. Niliwahi kuomba barafu. Mama alinitazama, akaniuliza, "Mwanangu, unaumwa?"

Ulanzi, utomvu wa mianzi kutoka Iringa na Njombe, hugemwa wakati wa mvua za huko, kwa hiyo msimu wake unaangukia hapa katikati ya kiangazi chetu cha joto. Unafika Dar ukiwa umeshakuwa mkali. Ukialikwa, onja, ila wa kuutia sifa hasa ni ule wa shambani.

Kuhusu usafi nitasema kwa ufupi: angalia maji, angalia vyombo, nunua panapouzwa kwingi na kuisha siku hiyo hiyo. Na kinywaji cha kukenekwa, gongo, hakimo kwenye meza hii. Ni haramu kisheria, na kilichopikwa vibaya kinapofusha macho na kuua. Ukikuta mnazi unaounguza kama spiriti, kuna mtu ameongeza kitu. Acha.

Cha kutafuna

Baada ya kuonja kwa makini, leta chakula, na hapo masharti yanalegea. Laga na mishikaki, hilo hata halihitaji mwongozo. Bia ya ngano iweke na pweza wa jioni mwenye ndimu, ule utamu wa ndizi unamlainisha. Eli inakaa vizuri na nyama choma ya mbuzi yenye mafuta na kachumbari. IPA ni ya kitimoto iliyokaangwa ikaiva pembeni na ndizi za kuchoma, uchungu unakata mafuta, lakini waulize wageni wako kwanza nani anakula nini. Ila pilipili kali na IPA usivikutanishe. Uchungu na kilevi vinachochea ule moto, na jirani yako wa mezani atamaliza jagi la maji.

Stauti watu huishangaa kwenye joto. Jaribu funda dogo na kashata ya karanga saa 3 usiku, upepo ukiwa umetulia. Ile shayiri iliyokaangwa mpaka kuwa nyeusi ina kahawa ya wauza kahawa wa Kariakoo ndani yake, na kahawa na kashata zimejuana tangu zamani.

Embe bichi na chumvi na pilipili, za Desemba, uzile na mbege. Nimefikia hapo kwa bahati tu na siwezi kueleza kwa nini inakubali.

Kiasi na njia ya kurudi

Chupa ndogo isikudanganye. Safari ya mililita 500 ina mililita 27.5 za kilevi halisi. IPA ya mililita 330 yenye asilimia 7 ina mililita 23, karibu sawa, na inaingia kama soda. Mwili wa kawaida unahitaji saa mbili hadi tatu kuondoa kilevi cha Safari moja, na hakuna kahawa wala supu inayoharakisha. Jasho la Dar linakukausha huku pombe nayo ikikukausha, kwa hiyo kila glasi ya bia iende na glasi ya maji, ndivyo utakavyopunguza kiu ya asubuhi.

Asiyefikisha miaka 18, mjamzito, na aliye kwenye dozi, hasa ya metronidazole, wanywe togwa au maji ya dafu. Aliyekuja na gari aliache. Bajaji na teksi za simu zipo usiku kucha, na funguo mimi huzikusanya kwenye bakuli mlangoni mapema, wakati kila mtu bado ana akili ya kukubali.

Limebaki suala la chupa tupu. Za TBL na SBL mangi anazipokea, mradi usizivunje midomo kwa kufungulia meno ya uma. Zile za viwanda vidogo nyingi hazirudishwi popote, na wakusanya chupa wa mtaani huzichukua zikiwa zimesuuzwa. Nazisuuza usiku huo huo, kwa sababu bia iliyobaki chini ikilala kwenye joto hili, alfajiri utaamshwa na sisimizi.